Mpika Pombe na Deni Lake

Lugha yetu yasema kwamba pombe hupikwa. Neno hilo lina hukumu ndani yake. Kitu kipikwacho huenda kinywani mwa mtu, na apikaye hawezi kujifanya kwamba hamjui alaye. Akizidisha chumvi atalaumiwa. Akitia kitu kiovu atakuwa ameua. Mpishi mwema husifiwa kwa ladha, lakini huaminiwa kwa jambo kubwa zaidi: twaweza kufumba macho na kula. Basi swali la insha hii ni hili: mtu apikaye pombe ana deni gani kwa mtu ainywaye? Je, deni hilo huisha pale kinywaji kizuri kinapobadilishwa kwa bei ya haki, au huendelea hata baada ya kata kurudishwa tupu?

Wako wasomaji watakaosema kwamba swali hili halina haja, maana kileo ni haramu, na katika haramu hakuna adabu ya kutafutwa. Neno lao lina uzito. Uislamu umekikataza, na katika Nyanda za Juu Kusini wamisionari wa Kimoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, waliwafundisha waumini wao kujitenga na pombe. Walakini pombe ingali ikipikwa, na maadamu yapikwa, iko tofauti kati ya aipikaye kwa uaminifu na aipikaye kwa hila. Tukiifuta tofauti hiyo kwa kusema kwamba wote wawili ni waovu, tutakuwa tumempa mwenye hila faida kubwa: tutakuwa tumempandisha daraja hata awe sawa na mwaminifu. Hata msomaji asiyeonja kileo maishani mwake ana haki na haja katika swali hili, kwa kuwa kila siku hula na kunywa vitu vilivyotoka katika mikono asiyoijua.

Nauchukua mji wa Igawa kuwa mfano. Igawa ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, karibu na mto uliotoa jina la wilaya. Kabla ya mkoa wa Njombe kuundwa mwaka 2012, msafiri aliyetoka hapo kuelekea Makambako aliingia mkoa wa Iringa. Upande mmoja kuna vilima vyenye baridi na mianzi. Upande wa pili kuna mbuga za Usangu zenye joto na mpunga. Katika mpaka wa namna hii vinywaji vya asili tatu hukutana: ulanzi utokao katika mianzi ya vilimani, komoni na kimpumu vitokavyo katika nafaka, na bia ya chupa itokayo kiwandani. Vyote ni vileo, lakini kila kimoja kina njia yake ya kumuunganisha mtengenezaji na mnywaji, na katika njia hizo tatu swali letu laweza kuonekana waziwazi.

Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, mianzi inapochipua. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, akatega chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, kisha hurudi kila siku kuchonga upya jeraha la mmea ili maji yake yasikauke. Utomvu huo ukiwa mpya ni mtamu, na hata mtoto huweza kuunywa. Ukilala huchacha na kuwa mkali, na wenyeji wauita mkangafu. Mgema hapiki kitu. Kazi yake ni kujua saa: saa ya kukata, saa ya kukinga, saa ya kuuza. Akichelewa, utamu umekwisha. Na mnunuzi aliyetaka kinywaji cha kutuliza kiu atapewa kinywaji cha kumwangusha.

Komoni ni kazi ndefu zaidi, na aghalabu ni kazi ya wanawake. Ulezi hulowekwa, hufunikwa hata uote, huanikwa, kisha husagwa kuwa kimea. Unga wa mahindi nao hulowekwa, hukaangwa juu ya moto, hupozwa, ndipo huchanganywa na maji na kimea na kuachwa uchachuke. Ndani ya pipa mambo mawili hutendeka. Kimea hugeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, na chachu huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Louis Pasteur wa Ufaransa alipochapisha kitabu chake juu ya bia mwaka 1876, aliwaeleza wasomi wa Ulaya kwamba chachu ni viumbe hai, na kwamba viumbe vingine vikiingia huiharibu bia. Mama wa Usangu au wa Ubena hakuwa na darubini, lakini alijua kwamba pombe ya jana huizaa pombe ya leo, kwamba baridi huichelewesha, na kwamba harufu fulani ikitoka katika pipa, basi pipa hilo ni la kumwagwa. Maarifa haya hayakuandikwa popote. Yalikaa katika pua, katika vidole na katika ulimi, na kutoka humo yakapitishwa kwa binti.

Sasa tuitazame methali iliyo maarufu kuliko zote juu ya kazi hii: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida twaitumia kumwonya mtu asilewe sifa. Lakini methali hii yasema jambo jingine tusilolitazama mara nyingi. Yasema kwamba maji yaliyotiwa katika tembo hayaonekani. Seremala akikosea, mlango hautafunga, na kosa lake litapiga kelele kila siku. Bali kosa la mgema hujificha ndani ya kibuyu. Mnywaji hana ushahidi ila ulimi wake, na ulimi wenyewe, baada ya kata mbili tatu, si shahidi wa kutegemewa. Kwa hiyo kazi ya pombe ni kazi ambayo mnunuzi hudhoofika kadiri anunuavyo. Hapa ndipo deni linapoanza. Auzaye kwa mtu mwenye akili timamu huwa na mtu wa kumkabili. Auzaye kwa mtu ambaye bidhaa yenyewe inamwondolea akili, yampasa yeye mwenyewe awe mlinzi wa haki za pande zote mbili.

Watu wa kale waliliona jambo hili. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa yapata miaka 3,750 iliyopita, zilimtaja mwanamke auzaye pombe, zikaagiza kwamba akipatikana anapunja watu katika malipo atupwe majini. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu, wakaipangia na bei. Sheria ya kwanza ni kali kupita kiasi, na ya pili ilikuwa na hesabu zake za kisiasa. Lakini zote mbili zakiri kwamba mnywaji hawezi kujilinda peke yake.

Njia ya tatu, yaani kiwanda, ilikuja na jibu lake. Kiwanda cha bia cha Tanganyika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilichukua sehemu kubwa ya umiliki wake. Mwaka 1993 kampuni ya Afrika Kusini iliingia ubia. Na mwaka 2016 kampuni mama ilimezwa na kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani. Kiwanda hukusudia kumpa mnywaji wa Mbeya chupa ile ile yenye ladha ile ile. Tusiudharau wema huu. Chupa ya leo na ya mwakani ni ndugu. Kiasi cha kileo kimeandikwa ubavuni. Mamlaka ya viwango yaweza kuipima. Kiwanda kimefanya uaminifu usitegemee hali ya moyo wa mtu mmoja asubuhi moja. Lakini kimeondoa uso. Mnywaji wa chupa hawezi kumwendea mtu na kumwambia, "Mama, hii ya leo imeniumiza." Na mwenye hisa aliye ng'ambo hana njia ya kujua kwamba mteja wake mwema kuliko wote, yule anunuaye kila siku bila kukosa, ndiye yule ambaye watoto wake wamelala bila chakula. Katika daftari lake mtu huyo ni faida tupu.

Kuna hadithi ndogo ipendezayo juu ya pombe ya kiwandani iitwayo Chibuku. Yasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na kitabu alichokuwa nacho mtengenezaji wake wa kwanza, Max Heinrich, huko Zambia katika miaka ya 1950, ambamo aliandika mambo ya upishi na maoni ya wanywaji. Kama ndivyo, basi mtu huyo alifahamu kilichopotea pipa lilipokuwa kubwa, naye akajaribu kukirudisha kwa kalamu. Kitabu kile kilikuwa uso wa bandia: si sawa na uso, lakini ni afadhali kuliko ukuta.

Katika miongo iliyopita watu wa nchi tajiri wameanza kuutafuta uso huo upya. Huko San Francisco, mwaka 1965, Fritz Maytag alikinunua kiwanda kidogo cha Anchor kilichokuwa karibu kufa, akaipika bia kwa njia za zamani. Mwaka 1971 wanywaji wa Uingereza waliunda chama cha kutetea bia ya asili. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyowaruhusu Wamarekani kupika bia nyumbani kwa matumizi yao, na wengi wa wapikaji hao baadaye walifungua viwanda vyao wenyewe. Mwendo huo umefika kwetu pia: vimeanzishwa viwanda vidogo mfano wa Bateleur nchini Kenya na Crafty Dee's jijini Dar es Salaam, ambamo mteja aweza kumwona fundi, kulitazama pipa, na kuuliza ni nafaka gani iliyotumika. Watu hulipa bei kubwa kwa heshima hiyo.

Hapa hatuna budi kusimama na kustaajabu kidogo. Yale ambayo mjini huitwa sanaa, yaani pipa dogo, nafaka ya mahali, mkono unaojulikana na ladha isiyolingana siku mbili, ndiyo yale yale ambayo huko Igawa huitwa umaskini. Fundi wa mjini huandikwa magazetini. Mama wa komoni huandikwa katika daftari la ushuru. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yamtaka awe na leseni na ashike saa, na ni haki hivyo. Lakini ni nani aliyemwendea kwa jambo jingine lolote lisilokuwa leseni na saa? Wamarekani walihitaji sheria ya mwaka 1978 ili wajifunze tena kupika nyumbani. Sisi hatukuacha kamwe, na kwa kuwa hatukuacha, twaona haya. Ni tabia ya ajabu kuidharau mali kwa sababu haikupotea.

Tena haya hiyo ina ubaya wake wa pekee kwetu sisi tulio katika vyuo. Ada ya shule, sare na daftari, katika nyumba nyingi za nyanda hizi, vilitoka katika pipa. Mama alikaanga unga usiku ili mtoto aende shule asubuhi, na mtoto alipohitimu alijifunza kuiita kazi ile "pombe za kienyeji" kwa sauti ya mtu asemaye juu ya ugonjwa. Mwenye kula matunda na kuutukana mti hajawa msomi bado.

Hata hivyo, heshima isiyo na ukweli ni sifa ile itiayo maji katika tembo. Yatupasa tuzisikie hoja mbili zilizo kinyume cha mama wa komoni, nazo ni nzito.

Hoja ya kwanza ni ya maarifa. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nyumbani kwenye matanga. Kwanza watu walidhani ni sumu iliyotiwa na adui. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba unga wa mahindi ulioharibika uliingiliwa na bakteria watoao sumu kali. Mwanamke aliyeipika pombe ile alikuwa miongoni mwa waliokufa. Fikiri juu ya jambo hili, msomaji. Mwanamke yule hakuwa mwenye hila: alikunywa alichokipika. Alikuwa na uso, alijulikana, na alikuwapo. Alitimiza kila sharti la uaminifu tulilolitaja, na bado watu walikufa, kwa sababu adui aliyekuwa katika unga hakuwa na harufu ambayo pua ya mababu ilifundishwa kuijua. Lifananishe na la Kenya, Mei 2014, ambapo makumi ya watu walikufa na wengine kupofuka kwa vileo vilivyotiwa methanoli. Huko kulikuwa na tamaa. Huku kulikuwa na moyo safi. Kaburi halikutofautisha. Kwa hiyo moyo safi ni nusu ya deni. Nusu ya pili ni maarifa. Na mahindi yaliyoota kuvu, ambayo katika nyumba maskini huonekana hayafai ugali lakini "yatafaa pombe," yana sumukuvu isiyoondoka kwa kukaangwa wala kwa kuchachuka. Anayelijua jambo hili chuoni na asilipeleke kwenye pipa ana sehemu yake katika deni la mpika pombe.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, maana haina darubini ya kuitatua. Yuko mtu mmoja kilabuni ambaye kila mtu amjua. Mshahara wake wa kibarua cha mpunga huisha pale pale alipoupokea. Mama humjua yeye, humjua mkewe, hujua ni watoto wangapi. Uso ule tuliousifu sasa wageuka kuwa mashtaka: mwenye kiwanda aweza kusema, "Sikujua," lakini mama hawezi. Akimmiminia kata ya nne, anaulisha mji wake kwa chakula cha mji wa mwenziwe. Mithali yasema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Lakini hapa janga lachumwa na mmoja, likapimwa na mwingine, na wa kwao ndio walao.

Wako wasemao kwamba kosa ni la mnywaji peke yake, kwa kuwa hakuna aliyemshika mkono. Hoja hiyo ingekuwa kweli kama ingehusu kata ya kwanza. Tumekwisha kuona kwamba mnunuzi wa pombe hudhoofika kadiri anunuavyo. Basi kadiri hiari yake inavyopungua, ndivyo sehemu ya muuzaji inavyozidi. Kata ya kwanza ni ya mnywaji. Kata ya mwisho ni ya mpika pombe, zaidi kuliko apendavyo kukubali. Wako wengine wasemao kwamba kosa ni la mama peke yake, na kwamba yampasa afunge pipa. Hao husahau kwamba kukataa fedha ni anasa ya mwenye akiba. Mama ambaye pipa la leo ndilo unga wa kesho anajua wema ulivyo. Anachokikosa ni nguvu ya kuutenda. Wema usiokuwa na nguvu hauondoi wajibu, lakini huugawa: wanaoweza kumpa mama njia nyingine ya mapato, au soko bora la kile akijuacho, wakanyamaza, wameishika kata pamoja naye.

Kukataza kabisa ni jibu litokalo upesi mdomoni. Gongo lilikatazwa kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na halijatoweka. Limejificha, na kitu kilichojificha hakina uso. Viroba vya plastiki vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 matokeo yalikuwa afadhali, labda kwa sababu kiroba chenyewe kilikuwa ni kileo kilichoundwa ili mtu anywe bila kuonekana na yeyote. Tofauti ya mambo haya mawili yafundisha. Sheria hufaa ikivunja maficho, na hudhuru ikiyajenga. Sheria inayompeleka mama wa komoni vichakani haimwokoi mnywaji. Yamwondolea shahidi wake wa mwisho.

Basi deni la mpika pombe, kwa maoni yangu, lina sehemu tatu. La kwanza ni ukweli: kilicho katika pipa kiwe ndicho kisemwacho, na ulanzi mkangafu usiuzwe kwa jina la mtamu. La pili ni maarifa: asiyejua kama unga wake ni mzima hana haki ya kuupika, hata kama yuko tayari kuunywa yeye wa kwanza. La tatu ni ujasiri wa kugeuza kata chini mbele ya mtu mwenye fedha mkononi na akili iliyokwisha kwenda zake. Kiwanda kikubwa huweza kulilipa la kwanza na la pili, lakini kwa la tatu hakina mkono. Tangazo lisemalo "kunywa kwa kiasi" halijapata kumnyima mtu chupa. Mama wa komoni huweza kulilipa la kwanza na la tatu, lakini la pili amenyimwa. Fundi wa mjini huweza kuyalipa yote matatu, na kama hayalipi, basi jina la sanaa alilojivika ni kanga ya kuazima.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba ufundi haupimwi kwa uchache wa chupa, wala kwa ugeni wa ladha, wala kwa bei. Hupimwa kwa urefu wa wajibu: fundi afuata kazi yake umbali gani baada ya kutoka mikononi mwake? Seremala hufuata mlango wake mpaka siku utakapofungwa. Mwalimu hufuata neno lake mpaka katika maisha ya mwanafunzi, apende asipende. Mpika pombe hufuata kata yake mpaka nyumbani kwa mnywaji, mpaka mlangoni ambapo mke asikiliza mwendo wa miguu ili ajue usiku utakuwaje. Asiyetaka kufika mlangoni hapo hakukatazwa kuuza; lakini asiitwe fundi, hata pipa lake likiwa la shaba na jina lake likiwa katika magazeti. Na yule afikaye hapo kwa mawazo yake, akarudi, akapunguza kata moja, astahili heshima ambayo mpaka leo tumempa kwa ubahili mkubwa.